Je, Wajua? Mauntingi ya injini ya kujitengenezea

• Ford ya mwaka 1932 ni kipenzi cha mafundi wa hot rod, yale magari ya zamani ya Marekani yanayoongezewa nguvu. Wengi huitia injini ya V8 ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955. Injini hiyo haikai kwenye chesisi ya Ford bila mauntingi mapya, yaani vishikizo vinavyoibeba.

• Fundi huanza kwa kuiweka injini mahali pake, ndipo akate pleti za chuma, mara nyingi zenye unene wa milimita 6. Nyuma ya injini huinamishwa kama digrii 3 ili kabureta ikae sawa.

• Pleti hushikizwa kwanza kwa nukta ndogo za kuchomelea. Fundi hupima tena, akahakikisha feni haigusi rejeta, kisha humalizia. Ukichomelea mfululizo, joto hupinda chuma.

• Kati ya chuma na injini hukaa mpira wa kumeza mtetemo. Dereva akikanyaga mafuta, injini hujipinda na upande wa kushoto hunyanyuka. Bolti ndefu ikipita katikati ya mpira, injini haichomoki hata mpira ukikatika.

• Mwaka 1971 General Motors iliyaita magari takriban milioni 6.7 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu mpira wa mauntingi ungeweza kuachana na chuma. Injini ikinyanyuka, iliweza kuvuta mafuta yenyewe! Dawa yake ilikuwa waya imara wa kuizuia.

• Kwa hiyo usibane matumizi hapa: chuma kizuri na mchomeleaji hodari huokoa maisha.