Mawimbi ya Sauti, Mawanda ya Jarida na Hesabu ya Marejeo: Mfano wa Ekegusii

1. Utangulizi

Ekegusii ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa hasa katika kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya. Katika uainishaji wa Guthrie lugha hii ina alama E.42. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Ekegusii ni lugha yenye toni, na toni ni jambo la fizikia kabla ya kuwa jambo la sarufi, kwani kila sauti hutoka kinywani na kulifikia sikio kama wimbi la hewa. Ndiyo sababu mtafiti wa lugha hii huweza kujikuta akitafuta nafasi katika majarida ya fizikia ya mawimbi, ambako hukutana na mambo mawili: maelezo ya mawanda ya jarida, na tarakimu zinazodai kuonyesha uzito wake. Makala hii inakusudia kueleza mambo hayo mawili. Hoja yake ni kwamba mawanda humfaa mwanaisimu anapochagua mahali pa kuchapisha, lakini tarakimu, zikifanywa mizani ya kazi yake, hupima jambo jingine kabisa.

2. Wimbi katika Ekegusii

Mambo matatu yanatosha kuonyesha jinsi fizikia na isimu zinavyokutana katika lugha hii.

Kwanza ni toni. Kidatu cha sauti hutegemea idadi ya mitetemo ya nyuzi za sauti kwa sekunde. Lee Bickmore, katika makala mbili alizochapisha katika jarida la Lingua mwaka 1997 na 1999, alichambua jinsi toni ya juu inavyosambaa katika Ekegusii. Kusambaa huko, ambako mwanaisimu hukueleza kwa kanuni, mwanafizikia huweza kukupima silabi kwa silabi.

Pili ni irabu. Ekegusii ina irabu saba, lakini maandishi ya kawaida hutumia herufi tano tu, hata herufi e na o kila moja hubeba sauti mbili. Tofauti ambayo maandishi yameificha huonekana katika wimbi, maana kila irabu hukuza baadhi ya masafa ya mitetemo na kufifisha mengine kwa kadiri ya umbo la kinywa.

Tatu ni Kanuni ya Dahl, iliyotambuliwa kwanza katika Kinyamwezi. Msemaji wa Ekegusii husema okomanya, yaani kujua, lakini husema ogosoma, yaani kusoma. Konsonanti ya kiambishi hubadilika kuwa ghuna ikiwa konsonanti inayoifuata ni sighuna. Katika picha ya wimbi, k huonekana kama kimya kifupi, na g huonyesha mtetemo unaoendelea.

3. Mawanda ya jarida la mawimbi

Jarida la Wave Motion, lililoanza kuchapishwa mwaka 1979, ni mfano mzuri wa majarida ya aina hii. Mawanda yake hayafungwi na kitu kimoja kinachochunguzwa. Yanaunganishwa na tendo moja, nalo ni kusafiri kwa mawimbi, yawe ya sauti, ya mwanga, ya tetemeko la ardhi, ya sumaku-umeme, au yale yanayopita katika vitu vigumu na vimiminiko. Mtu akisoma neno sauti katika orodha hiyo aweza kudhani kwamba uchunguzi wowote wa sauti za lugha utapokelewa. Sivyo. Linalotakiwa ni mchango katika nadharia ya wimbi lenyewe.

Chukua mfano wa obokano, zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi nane na sauti nzito. Mlinganyo mpya unaoeleza jinsi mtetemo wa uzi uliokazwa unavyopokelewa na ngozi iliyowambwa juu ya mzinga wa ala hiyo unaweza kuingia katika mawanda hayo. Majina ya nyuzi, nyimbo zinazoandamana nazo, na uhusiano wa muziki huo na toni za maneno havimo, hata vikichunguzwa kwa ustadi mkubwa kiasi gani. Vipimo vya irabu na toni navyo vina makao mengine: jarida la Chama cha Akustika cha Marekani, lililoanza mwaka 1929, Phonetica la mwaka 1957, na Journal of Phonetics la mwaka 1973. Makala inayokataliwa kwa kuwa nje ya mawanda haikuhukumiwa kuwa dhaifu. Imepelekwa pasipo pake.

4. Jinsi tarakimu zinavyopatikana

Mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la Science kuwa iundwe faharasa ya marejeo, yaani orodha inayoonyesha ni makala gani imetajwa na nani. Kutokana na faharasa hiyo kikatokea kipimo cha athari, ambacho kilianza kutolewa katika ripoti za kila mwaka kuanzia mwaka 1975. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme jarida limechapisha makala 100 katika miaka miwili, na katika mwaka wa tatu makala hizo zikatajwa mara 150. Gawanya 150 kwa 100. Kipimo ni 1.5.

Vipimo vingine vilifuata. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kielezo cha h: mtafiti mwenye kielezo cha 10 ana makala 10 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 10. Mwaka 2016 kampuni ya Elsevier ilianzisha kipimo chake, CiteScore, ambacho tangu mwaka 2020 huhesabu kipindi cha miaka minne.

5. Muda wa maarifa

Vipimo vya majarida hujengwa juu ya dhana kwamba makala yenye thamani itatajwa upesi. Katika taaluma zenye watafiti wengi wanaoshughulikia tatizo moja kwa wakati mmoja, dhana hiyo ina msingi. Katika uchunguzi wa Ekegusii haina. W. H. Whiteley alichapisha utangulizi wake wa lugha hii mwaka 1956, na kitabu chake juu ya mfumo wa njeo mwaka 1960. Kitabu cha Jelle Cammenga juu ya fonolojia na mofolojia ya Ekegusii kilitoka mwaka 2002. Baina ya vitabu hivyo viwili vya mwisho ni miaka 42. Lau kazi ya 1960 ingalikuwa makala ya jarida, rejeo la kwanza kulitaja baada ya miaka hiyo lisingaliingia katika hesabu ya miaka miwili wala ya minne. Na kwa kuwa ni kitabu, halina jarida la kulipa sifa hiyo.

Liko pia tatizo la faharasa yenyewe, kwani rejeo huhesabiwa tu likitoka katika chapisho lililoorodheshwa. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lina asili yake mwaka 1930, na limebadili jina zaidi ya mara moja. Msomaji anajua kwamba ni mfululizo mmoja. Hesabu ya mashine huweza kuugawa vipande.

6. Hitimisho

Suala hili si la takwimu tupu. Mwaka 2014 tume inayosimamia vyuo vikuu nchini Kenya ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, na machapisho yana nafasi kubwa humo. Mhadhiri akiona kwamba tarakimu ya jarida ndiyo inayotazamwa, atavutwa kuacha maelezo ya lahaja za Rogoro na Maate ili aandike kile kinachotajwa upesi kwingineko. Hasara itakuwa ya lugha, kwa maana wazee wenye kuzijua tofauti hizo hawangojei mzunguko wa faharasa.

Azimio la San Francisco, lililotangazwa mwaka 2013, lilitaka kipimo cha jarida kisitumiwe kuhukumu makala moja moja wala kuamua ajira na vyeo. Kwa idara za lugha, kulitii azimio hilo kunadai kazi: wajumbe wa kamati ya vyeo waisome makala yenyewe, waulize kama data yake imerekodiwa na kuhifadhiwa, na kama mtafiti atakayekuja miaka 40 baadaye ataweza kuitumia.