Unene wa Watoto Wetu wa Lusail



Lusail imo katika manispaa ya Al Daayen. Ili kukadiria watoto wangapi hapa wamezidi uzito, twaweza kuchukua idadi yao katika sensa ya 2020 na kuizidisha kwa kiwango cha taifa. Lakini hesabu hiyo huifanya mitaa yote kuwa sawa, wala haimjui mwanao.

Basi tumpime nyumbani. Urefu wake kwa mita tuuzidishe kwa wenyewe, kisha kilo zake tuzigawanye kwa jibu hilo. Mtoto wa miaka 10 mwenye mita 1.40 na kilo 40 hupata 20.4. Kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani la 2007, uzito huo umezidi, ingawa haujafikia unene wa kupindukia. Yafaa aonwe na daktari. Watoto ni amana.