Mikono ya Mbele ya Pikipiki ya Zamani

Wengi wametuuliza juu ya jambo moja, na kwa kuwa ni jambo la barabara na la fizika pamoja, tumeona vema kulijibu humu. Swali lenyewe ni hili: mtu aliye na pikipiki ya zamani, kama Yamaha DT 125 ama Honda XL 125, na mbele yake imelegea mpaka inagonga chuma kwa chuma katika kila shimo, afanye nini kusudi ipate nguvu tena?

Jibu linalosikika mara nyingi ni fupi: kata kipande cha bomba, kitie juu ya resori, funga, kwisha. Sisi tunasema kile kipande kinafanya kazi moja tu kati ya kazi tatu, na mara nyingi siyo ile iliyotakiwa.

Hapa kwetu jambo hili siyo mchezo wa vijana. Katika njia ya Kasongo kwenda Wamaza mpaka Kabambare, pikipiki inabeba mgonjwa, inabeba sanduku la chanjo, inabeba bido za mafuta ya mawese, inabeba hata mwalimu na karatasi zake. Dereva anashuka kilima chenye mawe, anashika freni ya mbele, na gurudumu linarukaruka. Sasa tufikiri pamoja: gurudumu lililo hewani linasimamisha nini? Halisimamishi kitu. Ile mikono miwili ya mbele haikuwekwa kwa ajili ya raha ya makalio tu. Kazi yake ya kwanza ni kulibakiza pine chini.

Tutazame ndani. Kila mkono ni bomba mbili, moja inateleza ndani ya nyingine. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliuza pikipiki za namna hii, zenye mafuta ndani ya mikono, tangu mwaka 1935 katika R12 na R17, na pikipiki nyingi za leo, hata zile mpya za India na China zinazofanya taksi mjini, bado zinafuata wazo lile lile. Ndani ya bomba iko resori ndefu. Chini yake iko fimbo yenye matundu madogo, na mafuta yanalazimishwa kupita mle. Resori inabeba uzito. Mafuta hayabebi uzito: yanazuia mwendo tu, kusudi resori ikishabonyezwa isirudi juu kwa kurusha. Na juu ya mafuta iko hewa iliyofungwa, nayo ni resori ya pili, hata kama watu wengi wanaisahau.

Basi kile kipande cha bomba kinafanya nini? Kinaibana resori kabla hujapanda, na mbele ya pikipiki inainuka. Lakini ugumu wa resori haukubadilika hata kidogo. Tuseme resori zote mbili pamoja zinataka kilo 10 kwa kila milimita 10. Tia kipande cha milimita 20: mbele itainuka karibu milimita 20, lakini ukisukuma tena, bado ni kilo 10 kwa milimita 10. Robert Hooke alieleza sheria hiyo kwa maandishi mwaka 1678, na nyundo ya fundi haijaibadilisha. Kipande ni dawa nzuri ikiwa pikipiki inakaa chini mno. Ili kujua, pima. Inua mbele gurudumu lisiguse chini, upime sehemu ya bomba inayong'aa. Kisha dereva akae juu na mzigo wake wa kila siku, upime tena. Tofauti ikiwa kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa mkono, resori inakaa pahali pake. Ikizidi hapo, imechoka ama inabanwa kidogo mno.

Kuna jambo lingine tunalosikia: «Ninabeba mizigo mingi nyuma, kwa hiyo nikaze mbele.» Wanafunzi wa fizika, chukueni kalamu. Gunia la kilo 60 limefungwa nyuma kabisa, katikati yake iko sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kutoka ekseli hadi ekseli ni sentimita 130. Zidisha 60 kwa 20, gawanya kwa 130: ni kilo 9 na kidogo. Hizo kilo 9 haziongezeki mbele, zinatoka mbele! Gunia linafanya kazi kama mtoto aliyekaa mwisho wa ubao wa kupembea. Mbele inakuwa nyepesi, usukani unatetemeka, na wewe ukiwa umeikaza, gurudumu litaruka kupita zamani. Dawa ya kwanza haina bei: sogeza mzigo karibu na kiti, na kilicho kizito kikae chini.

Kabla ya kuongeza nguvu yoyote, pikipiki ya zamani irudishwe kwanza ilivyokuwa. Tunalikazia neno hili kupita yote, maana tumeona mikono mingi inayosemwa «laini» ambayo haikuwa na shida ya resori. Ilikuwa haina mafuta. Matope yanakauka juu ya bomba, yanakwaruza mpira wa kuzuia mafuta, mafuta yanavuja polepole, na yakishuka yanaweza kufika kwenye freni. Ukibadilisha ule mpira peke yake bila kutazama bomba, umepoteza feza: alama za kutu zitaukata tena. Kutu ndogo isuguliwe kwa msasa laini uliotiwa maji mpaka ukucha usikwame. Kisha uvalishe bomba mipira ya mikunjo, ile inayofanana na kinanda cha mkono. Hata kipande cha mpira wa ndani wa gari kikifungwa vizuri kinasaidia. Kwetu, pahali pa vumbi na matope, tunaihesabu hiyo kuwa tengenezo zuri kupita vyuma vingi vya bei.

Bomba ikunjuliwe juu ya kioo cha dirisha, izunguke polepole. Mwanga ukionekana chini yake unafunguka na kufunga, bomba imepinda. Iliyopinda kidogo sana inaweza kunyoshwa na fundi mwenye mashini ya kubana. Iliyovunjwa mkunjo isirudishwe, na ya kulehemu tusiitaje kabisa. Tena shika mikono kule chini, vuta mbele na nyuma gurudumu likiwa juu. Kikigonga kitu shingoni, ni goroli za usukani zimelika, na hakuna resori itakayoponya shingo.

Sasa ikiwa yote ni mazima na bado mbele inafika mwisho, hapo ndipo tunagusa resori. Mpya iliyo ngumu ingefaa, lakini kuipata huku ni shida. Fundi anaweza kukata mizunguko ya ile ya zamani, kwa sababu resori yenye mizunguko michache ni ngumu zaidi: ikiwa na 60 na ukaacha 54, ugumu unaongezeka kama 60 juu ya 54, yaani karibu asilimia 11. Lakini asikate kabla ya kuhesabu! Tuseme resori ina urefu wa milimita 420, mizunguko 60, na waya wake ni milimita 4. Kila mzunguko unachukua 7, na nafasi tupu ni 3. Jumla ya nafasi ni milimita 180. Mkono wenyewe unatembea 140, na resori imebanwa 15 tangu mwanzo, kwa hiyo inahitaji 155. Ukiacha mizunguko 54, nafasi ni 162: inatosha. Ukiacha 48, nafasi ni 144: haitoshi. Mizunguko itagusana kabla mkono haujafika mwisho, na mikono itakuwa kama miti miwili mikavu mbele ya dereva. Kipande cha bomba kinaweza kuleta ajali ile ile: ongeza milimita 30 juu ya ile 15, na utahitaji 185 ndani ya 180. Kipande kilichokatwa cha resori, yaani milimita 42 kwa ile ya mizunguko 54, kijazwe na bomba ya urefu huo huo, si zaidi. Na mikono yote miwili ifanywe sawasawa.

Ukifungua kizibo cha juu, usiweke uso pale. Resori inakisukuma, na jicho halina duka.

Tuje kwa mafuta. Mafuta mazito yanapunguza kurukaruka, ndiyo. Kutoka namba 10 kwenda 15 mara nyingi yanatosha. Lakini ujue kwamba nguvu ya kuzuia katika tundu inakua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Kwa hiyo mafuta mazito mno yanaweza kuwa mazuri polepole kijijini, lakini ukipiga shimo kwa mbio yanashindwa kupita, na pigo lote linakuja mikononi mwako. Marekani kampuni ya Race Tech inatengeneza kizibo kidogo chenye resori, kinachokaa juu ya ile fimbo na kufunguka pigo likiwa kali, kusudi pikipiki za zamani za safari zipate tabia ya zile mpya. Ni kitu cha akili sana, ila kinafaa kwa mtu aliye karibu na duka lake. Mafuta ya moteri yaliyotumika yasitiwe: yana unga wa chuma. Na mawese ni ya sombe.

Kiasi cha mafuta nacho kina maana. Fundi apime kutoka juu ya bomba mpaka kwenye mafuta, resori ikiwa nje na mkono umebonyezwa wote. Tuseme hewa inabaki milimita 150. Mkono ukinyoshwa inakuwa 290, na ukifika mwisho hewa imebanwa mara 1.93, kwa sheria ya Boyle na Mariotte. Inua mafuta milimita 20: mwisho inabanwa mara 2.08, lakini katikati ya mwendo inatoka 1.32 na kufika 1.35 tu. Ndiyo kusema mwisho unakuwa mgumu, katikati inabaki laini karibu vilevile. Kwa barabara zetu tunapenda njia hii kuliko kukata resori. Lakini usipite kiasi, maana hewa iliyobanwa sana itausukuma mpira wa mafuta utoke nje.

Kazi ikiisha, funga uzi wa mpira kuzunguka bomba inayong'aa, uusukume chini ukutane na sehemu inayoteleza. Dereva aende njia yake ya kila siku, na mzigo wake wa kila siku, kisha arudi. Uzi utabaki pale mkono ulipofika juu kabisa. Ukiukuta umefika mwisho, ongeza mafuta milimita 10 ujaribu tena. Ukiukuta katikati, na njia ilikuwa na mashimo yake yote, mbele imekazwa kupita kiasi: punguza.