Maua Machungu ya Mpakani

Kilichonisumbua ni mstari. Ukikaribia Keroka, alizeti mwitu imesongamana kandokando ya barabara, maua ya manjano yakimpita mtu kimo. Lakini chai inapoanza, alizeti hiyo inakoma. Sikuona hata shina moja katikati ya michai. Nikashuka kwenye matatu.

Mama mmoja mzee alikuwa akiikata alizeti hiyo kwa panga mpakani mwa shamba lake. Wagusii huiita amaua amaroro, maua machungu. "Onja, mwanangu," akaniambia, akinipa jani. Uchungu ule ulinikaa kooni hadi nilipokaribishwa chai.

Mmea huu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ukaletwa Afrika kuwa pambo. Mama yule hana habari na Meksiko. Kwake, ulikuja na barabara: greda likifukua udongo, mbegu nyepesi hupata mahali. Kwenye chai haupati mwanga, na mche ukithubutu kuchomoza, mchumaji huung'oa. Basi hubaki kingoni, kwenye jua na udongo uliotibuliwa.

Mama anayafyua majani pamoja na ncha changa, anayakatakata juu ya gunia. Mashina huenda jikoni kuwa kuni, kamwe si shambani, maana kipande kikilala kwenye udongo wenye unyevu huchipua. Nusu ya majani huzikwa mferejini kabla ya kupanda mahindi. Nusu hutiwa kwenye pipa la maji, yakakorogwa kila siku kwa wiki mbili, mpaka harufu imfikie jirani na jirani alalamike. Hapo ndipo huyazimua yakawa na rangi ya strungi nyepesi, akamwagilia mboga zake za chinsaga na managu. Mikono hubaki michungu siku nzima. Anasema hata ugali hubadilika ladha.

Si ushirikina. Majani makavu yana nitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu kama asilimia 4, na huoza upesi. Taabu ni kwamba jani bichi ni maji matupu: gunia zima likikauka halijai karai. Wanaosifu mbolea hii ya bure hawautaji mgongo wa anayeibeba.

Mwaka 1967, wanaikolojia MacArthur na Wilson waliandika katika kitabu chao kwamba kisiwa kikubwa, kilicho karibu na bara, huwa na aina nyingi zaidi za viumbe. Nilikikumbuka kitabu hicho pale mpakani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 958 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii. Ardhi imegawanywa hadi mimea inayojiotea imebakiwa na vipande vyembamba kama visiwa katika bahari ya chai, mahindi na migomba. Ila hapa bandari ni barabara, na mgeni hushuka kila mvua inyeshapo.

Nilimuuliza mama mpaka huu ulikuwa na nini zamani. Omotembe, akasema, na miti mingine miwili ambayo majina yake aliyatafuta asiyapate. Je, maua ndiyo yaliyoifukuza, au panga lilitangulia? Na rutuba hii inayohamishwa kila msimu kutoka mpakani kwenda mferejini, mpaka wenyewe unarudishiwa nini?

"Hilo sijawahi kuulizwa," akasema. Akatazama shina alilokata msimu uliopita. Lilikuwa limetoa machipukizi manne. Akayaruka, akakata linalofuata.