Wanawake katika Baraza la Mawaziri: Usuli wa Maudhui ya Mwanamke na Uongozi

Utangulizi

Swali kuhusu nafasi ya mwanamke ni miongoni mwa maswali yanayojirudia sana katika Karatasi ya Fasihi. Watahiniwa wengi hulijibu kwa sentensi moja tu: mwanamke amekandamizwa. Wengine huligeuza upande wa pili na kusema kuwa mwanamke amekombolewa kwa sababu siku hizi kuna mawaziri wa kike. Majibu haya yote mawili ni mapungufu. Ukitaka kuwaelewa Tunu, Ashua na Husda katika tamthilia ya *Kigogo* ya Pauline Kea, itakufaa kwanza kujua jinsi wanawake wa Kenya walivyoingia katika chombo cha juu zaidi cha serikali, yaani Baraza la Mawaziri. Utagundua kuwa kuwahesabu wanawake walioteuliwa ni hatua ya kwanza tu. Kuna maswali matatu unayopaswa kuuliza kila mara: Aliingiaje? Alikabidhiwa nini? Aliweza kuamua nini?

1. Waziri ni nani?

Chini ya Katiba ya 2010, Baraza la Mawaziri lina Rais, Naibu wa Rais, Mwanasheria Mkuu na mawaziri wasiopungua 14 wala kuzidi 22. Rais humpendekeza mtu, Bunge la Kitaifa humpiga msasa, na akiidhinishwa ndipo Rais humteua rasmi. Jambo muhimu ni kwamba waziri hawezi kuwa mbunge kwa wakati huo huo. Kabla ya Katiba hii, mambo yalikuwa kinyume: waziri alitoka miongoni mwa wabunge.

Tofauti hii ina uzito kwa mada yetu. Zamani, mwanamke aliyetaka kuwa waziri alilazimika kwanza kuingia bungeni, na njia kuu ilikuwa kushinda uchaguzi katika eneo bunge. Alihitaji pesa za kampeni, ulinzi dhidi ya fujo, na ukoo uliokubali kumuunga mkono, iwe ni kwao alikozaliwa au kule alikoolewa. Kwa kuwa wanawake wachache sana walivuka kizingiti hicho, rais alikuwa na wachache wa kuchagua hata kama angependa kuwateua wengi. Leo kizingiti hicho hakipo. Anayeshindwa kuwateua wanawake hawezi tena kudai kwamba hawakuchaguliwa.

2. Safari ya kuingia barazani

(a) *Miaka ya kwanza ya uhuru.* Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, hapakuwa na mwanamke hata mmoja katika Baraza la Mawaziri. Hili halikutokana na ukosefu wa wanawake wenye uwezo. Priscilla Abwao alikuwa amehudhuria mazungumzo ya katiba kule Lancaster House, London, mwaka wa 1962. Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka wa 1969, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni.

(b) *Mlango wa uwaziri msaidizi.* Uchaguzi wa 1974 uliwaingiza bungeni wanawake kadhaa, akiwemo Julia Ojiambo, ambaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri msaidizi. Baadaye, mwandishi Grace Ogot naye alishika wadhifa kama huo. Kumbuka kwamba waziri msaidizi hakuwa mwanachama wa Baraza la Mawaziri. Alijibu maswali bungeni na kuiwakilisha wizara, lakini maamuzi yalipofanywa, yeye hakuwa kwenye meza.

Katika uchaguzi huo huo wa 1974 alichaguliwa Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini, mwanamke kijana aliyeikosoa serikali bila woga. Alifungwa jela na baadaye akakimbilia Tanzania. Mfano wake unaonyesha kuwa enzi hiyo mwanamke mwenye sauti angeweza kuadhibiwa kwa kuitumia. Mkumbuke utakapomchambua Tunu.

(c) *Waziri kamili wa kwanza.* Mwaka wa 1995, Rais Daniel arap Moi alimteua Nyiva Mwendwa kuwa Waziri wa Utamaduni na Huduma za Jamii. Tangu uhuru ilikuwa imepita miaka 32. Ulikuwa pia mwaka wa mkutano mkubwa wa kimataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing, China, na serikali nyingi zilikuwa zikiulizwa zimewapa wanawake nafasi gani. Miaka miwili baadaye, mbunge Phoebe Asiyo aliwasilisha hoja bungeni ya kutaka wanawake watengewe viti. Hoja hiyo ilianguka.

(d) *Kuanzia 2003.* Rais Mwai Kibaki alipoingia madarakani, Charity Ngilu alipewa Wizara ya Afya, Martha Karua Wizara ya Maji, na Linah Kilimo akawa waziri katika masuala ya uhamiaji. Wangari Maathai aliteuliwa kuwa Waziri Msaidizi wa Mazingira. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, naye bado alikuwa waziri msaidizi tu. Tafakari jambo hilo: dunia ilikuwa imemtambua kwa kazi yake ya mazingira kuliko serikali yake mwenyewe.

(e) *Baada ya Katiba ya 2010.* Rais Uhuru Kenyatta aliteua mawaziri 18 mwaka wa 2013, na sita kati yao walikuwa wanawake. Amina Mohamed aliongoza Mashauri ya Kigeni na Raychelle Omamo akaongoza Ulinzi, wote wakiwa wanawake wa kwanza katika wizara hizo nchini. Mwaka wa 2022 Rais William Ruto aliwateua wanawake saba kuwa mawaziri. Mwaka wa 2024, Dorcas Oduor aliapishwa kuwa Mwanasheria Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, naye kwa cheo chake ni mwanachama wa Baraza.

3. Kanuni ya theluthi mbili

Kifungu cha 27(8) cha Katiba kinaitaka serikali ichukue hatua kuhakikisha kwamba watu wa jinsia moja hawazidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Soma vizuri: kanuni haiwataji wanawake. Inamlinda yeyote aliye katika kundi dogo. Siku wanaume watakapokuwa wachache, itawalinda wao.

Fanya hesabu ndogo. Theluthi moja ya 18 ni 6. Kwa hiyo, mawaziri wa 2013 walifikia mpaka wa kanuni barabara. Mawaziri wakiwa 22, theluthi moja ni zaidi ya 7. Kwa kuwa huwezi kuteua sehemu ya mtu, watahitajika wanawake wasiopungua 8. Wakiwa saba, kanuni haijatimizwa, hata kama pengo ni la mtu mmoja tu.

Kanuni hii haijatekelezwa kwa urahisi. Mnamo Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba Baraza la wakati huo lilikiuka kanuni ya jinsia. Mnamo Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kupitisha sheria ya kuitekeleza kanuni hiyo. Bunge halikuvunjwa. Funzo ni kwamba haki iliyoandikwa kwenye karatasi bado huhitaji watu wa kuidai.

4. Wizara ipi?

Wizara zote zina faida kwa mwananchi, lakini hazina nguvu sawa serikalini. Kwa muda mrefu wanawake walielekezwa kwenye utamaduni, huduma za jamii na jinsia. Kazi hizi zilichukuliwa kuwa nyongeza ya malezi ya nyumbani. Wizara za fedha, ulinzi na usalama wa ndani zilihesabiwa kuwa za wanaume.

Ndiyo maana uteuzi wa Omamo katika Ulinzi ulizungumziwa sana. Baada yake, Monica Juma na Soipan Tuya nao wameongoza wizara hiyo. Nchini Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Stergomena Tax kuwa Waziri wa Ulinzi mwaka wa 2021, naye akawa mwanamke wa kwanza huko kushika kazi hiyo. Jambo lililoshangaza watu mara ya kwanza huwa la kawaida mara ya tatu. Hiyo ni faida halisi ya anayetangulia.

Hata hivyo, usidharau wizara zinazoitwa za kijamii. Waziri wa Afya huathiri maisha ya mama anayejifungua, na Waziri wa Maji huathiri msichana anayetembea kilomita kadhaa na mtungi kabla ya kwenda shuleni. Kosa halikuwa kuwapa wanawake wizara hizo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba hawawezi nyingine.

5. Cheo ni dhamana

Mwanamke akishapata uwaziri hupimwa kwa kazi yake kama mwanamume. Kamati ya Bunge inaweza kumwita waziri yeyote kujieleza, na Bunge la Kitaifa linaweza kupitisha azimio la kutaka aondolewe. Kuna pia uwajibikaji unaotoka moyoni. Mnamo Aprili 2009, Martha Karua alijiuzulu kama Waziri wa Haki na Katiba akilalamika kwamba majaji waliteuliwa bila kushauriwa. Unaweza kukubaliana naye au la, lakini hapa tunaona waziri aliyeona kwamba cheo bila uwezo wa kuamua hakina maana.

6. Uhusiano na *Kigogo*

Sasa rudi Sagamoyo ukiwa na yale maswali matatu.

*Husda* ni mke wa Majoka. Yuko karibu sana na mamlaka, lakini hana mamlaka yoyote. Anachopigania ni nafasi yake kwa mume, si haki ya Wanasagamoyo. Kupitia kwake tunajifunza kuwa kukaa karibu na kiti si kukikalia.

*Ashua* amesoma, lakini analazimika kwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada ili watoto wake wale. Kiongozi anataka kuitumia dhiki hiyo kumnasa. Hapa mwandishi anaonyesha kwamba elimu pekee haimkomboi mwanamke ikiwa riziki yake iko mikononi mwa mtu mmoja.

*Tunu* hana cheo chochote serikalini. Majoka angependa aolewe na mwanawe, Ngao Junior. Huo ungekuwa mlango wa kuingia ikulu kwa hisani ya mkubwa, na Tunu anaukataa. Anaumizwa mguu, lakini anaendelea kuwatetea wachuuzi wa Soko la Chapakazi. Nguvu yake inatokana na watu. Ukiulizwa aliingiaje katika uongozi, jibu ni kwamba aliingia kwa kuaminiwa na wananchi.

Kwa hiyo, tamthilia haisemi tu kwamba mwanamke anaweza kuongoza. Inatofautisha mwanamke anayepambwa na mamlaka na yule anayeyatumia kwa manufaa ya umma. Tofauti hiyo ndiyo unayopaswa kuionyesha katika insha yako.

7. Namna ya kutumia maarifa haya katika mtihani

- Hoja zako zitoke kwenye kitabu. Historia ya Kenya ni usuli wa kukusaidia kufikiri. Usijaze ukurasa kwa majina ya mawaziri ilhali swali linahusu Sagamoyo.
- Taja hoja, itolee mfano kutoka kwenye tamthilia, kisha eleza maana yake. Hoja bila mfano hupoteza alama.
- Epuka kuwaweka wanawake wote katika kapu moja. Swali likiwa kuhusu nafasi ya mwanamke, onyesha angalau sura tatu tofauti.
- Katika Karatasi ya Kwanza, ukipewa insha kuhusu usawa wa jinsia, hapo ndipo mifano ya sehemu ya 2 hadi ya 5 itakufaa zaidi. Taja mwaka ikiwa tu una uhakika nao.

*Mfano wa aya:* Mwanamke amesawiriwa kama mtetezi wa haki. Tunu anaongoza upinzani dhidi ya kufungwa kwa Soko la Chapakazi hata baada ya kujeruhiwa. Hili linaonyesha kwamba uongozi wake hautegemei cheo wala hisani ya Majoka, bali imani ya wananchi, na ndiyo maana vitisho havimnyamazishi.

Hitimisho

Ilichukua miaka 32 ya uhuru kumpata waziri mmoja wa kike, na miaka mingine 18 kufikia theluthi moja ya mawaziri. Hatua hizo zilipatikana kwa sababu kuna waliogombea wakaanguka, waliowasilisha hoja zikakataliwa, na waliokwenda mahakamani. Wewe, mwanafunzi, uwe msichana au mvulana, utapiga kura hivi karibuni. Utakapoisikia orodha ya mawaziri ikisomwa, usiishie kuhesabu majina. Uliza maswali matatu.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya waziri msaidizi wa zamani na mwanachama wa Baraza la Mawaziri. (alama 4)
2. Ikiwa kuna mawaziri 21, ni wanawake wangapi kwa uchache wanaohitajika ili wanaume wasizidi theluthi mbili? Onyesha hesabu yako. (alama 2)
3. "Kukaa karibu na kiti si kukikalia." Thibitisha kauli hii kwa kumrejelea Husda. (alama 6)
4. Linganisha na ulinganue Tunu na Ashua kama wanawake wanaokabiliana na mamlaka ya Majoka. (alama 10)
5. "Mwanamke katika *Kigogo* hasubiri kupewa uongozi." Jadili. (alama 20)