Vikope vya Chamwino na Goti Lililovimba

Watu wa Mvumi, Buigiri na Chilonwa, huku kwetu Chamwino, Dodoma, hawahitaji kufundishwa ugonjwa wa vikope. Macho yanawasha utotoni, yanapona, yanarudi. Miaka ikipita kope zinajikunja kwa ndani, zinakwaruza jicho, na hatimaye mtu mzima anaongozwa njia na mjukuu. Kwa jirani zetu wa Kongwa, timu ya Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilionyesha mwaka 1995 kwamba watoto waliotibiwa kwa dawa ya macho, kisha wakawa wananawishwa uso, walipungukiwa na vikope vikali. Ushauri mwepesi kuuandika, mgumu kuutekeleza pale mama anapotafuta maji tangu alfajiri.

Vikope huletwa na bakteria aitwaye klamidia. Aina zake nyingine huambukizwa kwa kujamiiana. Hizi za pili ndizo madaktari wamezilaumu kwa muda mrefu kwa baridi yabisi inayofuata maambukizi. Wiki moja hadi nne baada ya klamidia ya sehemu za siri, au baada ya kuhara kwa salmonela au shigela, goti au kifundo cha mguu huvimba, kisigino huuma, na pengine macho huwa mekundu na mkojo kuchoma. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi kadhaa. Wengine huteseka miaka.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, akiwemo Alan Hudson wa Detroit, walichunguza nyama ya ndani ya viungo vya wagonjwa wa namna hiyo. Walitarajia klamidia ya sehemu za siri. Walichokuta ni ile ya jamii ya macho, ndugu wa hii ya kwetu. Mimi nimeusoma utafiti huo zaidi ya mara moja, na kila mara nafikiria huku kwetu Ugogo, kwenye vikope tangu utotoni.

Mwaka huohuo timu ya John Carter wa Florida iliwapa wagonjwa wa baridi yabisi sugu iliyoletwa na klamidia dawa mbili kwa pamoja kwa miezi sita, mojawapo ikiwa rifampisini tunayoijua kwenye kifua kikuu. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 63, dhidi ya 20 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wagonjwa walikuwa 42 tu, kwa hiyo tusikimbilie duka la dawa. Lakini matokeo yanaendana na hoja kwamba klamidia hubaki hai ndani ya kiungo, imejificha, na dawa moja haitoshi.

Utafiti wa namna hii ungefaa kufanyika Dodoma, ambako kuna Hospitali ya Mvumi yenye uzoefu mkubwa wa macho na Hospitali ya Benjamin Mkapa yenye mabingwa.

Nanyi mlioko Ulaya na Marekani: daktari wa huko, akiona goti limevimba, huenda akapima chembe ya urithi iitwayo HLA-B27, inayohusishwa na baridi yabisi hii. Kwa Waafrika weusi chembe hiyo ni adimu. Huko Lusaka, Njobvu na McGill waliona baridi yabisi hii ikiongezeka pamoja na VVU kwa watu wasiokuwa na chembe hiyo. Kwa hiyo jibu la kutokuwa nayo lisifunge uchunguzi. Mwambie daktari kama ulihara, kama ulikuwa na maambukizi ya sehemu za siri, na kama utotoni uliugua vikope. Usione aibu kuomba vipimo vya klamidia na VVU, na mwenzi wako naye apimwe.