Betri mseto: Akiba ya safari ndefu ambayo bado haijafika Lamu

NAHODHA wa boti ya abiria katika visiwa vya Lamu ana safari za namna mbili. Siku nyingi huvusha watu kati ya Mokowe na Lamu, au kati ya Lamu na Shela, mwendo wa kilomita chache tu. Siku nyingine hutakiwa kufika Faza, Kizingitini au hata Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Njia ya kwenda Pate hupitia Mkanda, mlangobahari mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakipwa huwa haba mno kwa chombo chenye mzigo. Aliyechelewa hungoja maji yajae au huzunguka kwa nje, na wakati wa kusi huo si uamuzi mwepesi.

Tofauti hiyo ya safari ndiyo inayowatia shaka wenye boti kila wanapoelezwa habari za mota ya umeme. Mota haina moshi, kelele zake ni kidogo, na jua la kuchaji betri yake ni tele. Lakini kilo moja ya petroli hubeba takriban kilowati-saa 12 za nishati, ilhali kilo moja ya seli nzuri za lithiamu hubeba robo ya kilowati-saa hivi. Ni kweli kwamba injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa joto, na mota ya umeme hupoteza kidogo. Hata hivyo pengo linabaki kubwa. Betri inayotosha safari ya Shela haitoshi ya Kizingitini, na inayotosha Kizingitini ni mzigo mzito na wa bei kwa anayekwenda Shela.

Hapo ndipo utafiti wa betri mseto unapogusa maisha ya visiwani, ingawa waliouanzisha hawakuwa na habari za Mkanda.

Betri ya lithiamu ikichajiwa, lithiamu hutoka upande chanya na kwenda upande hasi, yaani anodi. Katika betri nyingi anodi hutengenezwa kwa madini ya kinywe, yale yale yanayotumika katika risasi ya penseli. Kinywe ni kaboni iliyopangika tabaka juu ya tabaka, na lithiamu hujipenyeza katikati ya tabaka hizo. Kila atomu sita za kaboni hupokea atomu moja ya lithiamu, na kwa sababu hiyo gramu moja ya kinywe haiwezi kuhifadhi zaidi ya miliampea-saa 372. Gramu moja ya lithiamu tupu huhifadhi 3,860.

Kwa nini basi kinywe kisiondolewe kabisa? Jibu ni kwamba metali ya lithiamu ndiyo iliyotangulia. Katika miaka ya 1970, Stanley Whittingham, akiwa na kampuni ya Exxon nchini Marekani, alitengeneza betri ya kuchajiwa yenye metali hiyo. Tatizo ni kwamba metali hairudi mahali pake kwa usawa. Huota miiba myembamba ambayo huweza kutoboa utando unaotenganisha pande mbili za betri, na moto ukazuka. Mwaka 1989 betri za aina hiyo zilizokuwa katika simu nchini Japani zilirudishwa kiwandani baada ya visa vya moto. Wakati huo njia nyingine ilikuwa imekwisha kufunguliwa: mwaka 1980 Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Morocco, alionyesha akiwa Ufaransa kwamba kinywe huweza kupokea lithiamu na kuitoa tena. Alishiriki Tuzo ya Draper ya mwaka 2014, lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019 iliwaendea wengine watatu. Jina lake lingestahili kujulikana zaidi barani mwake.

Betri mseto huchanganya njia hizo mbili. Kinywe huwekwa kidogo kuliko kinavyohitajika kupokea lithiamu yote. Ni mfano wa nyumba ya Lamu wakati wa Maulidi: wageni hujaa vyumbani kwanza, waliozidi wakatandikiwa dakani. Vivyo hivyo, kinywe kikishajaa, lithiamu inayobaki hutanda juu yake kama metali. Betri inapotumika, walioko dakani hutangulia kuondoka. Katika betri ya kawaida, inayochajiwa kwa pupa au katika baridi kali, kutanda huko ni ugonjwa. Hapa kumefanywa kuwa mpango.

Mwaka 2020 kikundi cha Jeff Dahn katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Canada, kilieleza seli za namna hiyo zenye elektroliti ya chumvi mbili za lithiamu, zikiwa zimebanwa kwa nguvu ili metali itande sawasawa. Nishati yake ilizidi ya seli za kawaida kwa takriban asilimia 20. Faida kubwa zaidi iko katika matumizi. Siku za kawaida betri huchajiwa hadi kinywe kijae, kisha huachwa hapo, na metali haiguswi. Siku ya safari ndefu hujazwa yote. Metali ndiyo inayochakaa upesi, hivyo ikitumika mara chache betri hudumu.

Asilimia 20 si muujiza. Boti iliyokuwa ikienda kilomita 30 ingefika 36. Kwa aliyekosa maji Mkanda, hizo sita si haba.

Vikwazo vingalipo. Kila mara metali inapotanda, sehemu yake hukatika na kufa bila kurudi, na elektroliti huliwa polepole. Kuzibana seli kunahitaji kasha imara, nalo huongeza uzito. Joto la pwani huharakisha uchakavu wa betri yoyote ya lithiamu, na maji ya chumvi yakiingia ni hatari.

Kwa sasa, anayetaka mota ya umeme hushauriwa zaidi betri za lithiamu zenye fosfeti ya chuma, ambazo anodi yake pia ni kinywe. Hubeba nishati pungufu, lakini hustahimili joto zaidi. Atakayeletewa betri inayoitwa mseto na amwulize muuzaji imejazwa hadi juu mara ngapi kabla ya kuchoka, na ilijaribiwa katika joto la kiasi gani.